Barua kwa Vijana wa Bodaboda wa Steji ya Sokoni, Jinja, Uganda

Wanangu,

Nimeishi Jinja tangu kabla baba zenu hawajaoa, na si desturi yangu kusema na watu kwa barua ya wazi. Nimelazimishwa na niliyoyaona Jumanne, nilipokuwa nimeketi kwa fundi viatu nikingoja soli yangu.

Mama mmoja alisimama mbele yenu, mtoto mgongoni na gunia la mkaa miguuni. Mlikuwa sita, na pikipiki sita. Mmoja wenu alikuwa ameutandaza mkeka wa kubeti, ile karatasi ya kubashiri mechi, juu ya tangi la mafuta, akionyesha kwa njiti ya kiberiti timu iliyobaki, nanyi mkawa mnagawana fedha ambazo hazijaingia: huyu anajenga Bugembe, yule anakwenda Dubai, mwingine anamnunulia mama yake ng'ombe wa maziwa. Mama aliita mara mbili. Mara ya tatu hakuita. Alijitwika gunia akaenda kwa miguu.

Kuota si dhambi. Ninachokikasirikia ni ndoto inayomlipa mtu ujira kabla hajafanya kazi, kwa maana aliyekwisha kushiba kwa mawazo hana haraka ya kuwasha pikipiki. Mjukuu wangu anayesoma saikolojia alinisimulia kwamba Gabriele Oettingen, mtafiti Mjerumani, aliwafuatilia wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi, na baada ya miaka miwili akakuta kuwa waliojifurahisha zaidi kwa njozi za kazi nzuri walituma maombi machache na walilipwa kidogo. Waliofanya vizuri ni wale waliotarajia kufaulu kwa dhati, na matarajio ya namna hiyo hujengwa juu ya yale mtu aliyokwisha kuyapitia. Aliniambia pia kuwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, Killingsworth na Gilbert, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, waliwauliza watu 2,250, kwa simu na kwa kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya muda akili ilikuwa imezurura, na hata iliyozurura penye mambo matamu haikuwa na furaha zaidi ya ile iliyotulia kwenye jambo lililokuwa likifanywa.

Lakini nisiwaseme ninyi peke yenu, kwa sababu sisi wazee nasi tunalewa, ila ulevi wetu ni wa jana. Tunawasimulia Jinja ya viwanda na ving'ora vya alfajiri kana kwamba palikuwa peponi. Juzi nilikuwa nikijisifu kwa mjukuu jinsi tulivyokunywa chai tamu kila jioni baada ya zamu, mwishoni mwa miaka ya 1970, mara mke wangu akacheka kutoka jikoni: “Chai tamu ipi, Mzee? Sukari tuliipata kwa magendo, kikombe kimoja, tukamwekea mtoto.” Alisema kweli. Kumbukumbu yangu ilikuwa imejitilia sukari yenyewe. Kijana anayelishwa hadithi za namna hiyo huamini kuwa raha ilikuwepo bure, ikaibwa, na kwamba bahati ndiyo itakayoirudisha. Kisha sisi hao hao tunawapangisha wenye maduka ya kubeti vyumba vya mbele vya nyumba zetu, kwa sababu hawacheleweshi kodi.

Andikeni mapato ya kila siku. Msijipime kwa picha za simuni. Jioni, kabla ya kuiwaza kesho, wakumbukeni abiria mliowabeba leo, mmoja mmoja, na mliowaacha waende kwa miguu pia.

Nawe uliyemtaja ng'ombe, sikujui jina, ila ulinigusa moyo, kwa kuwa ndoto yako ina mtu ndani yake. Nenda kaulize bei ya mtamba, ujue majani yatatoka wapi na zizi litakaa upande gani wa nyumba ya mama yako, kisha uhesabu ni safari ngapi za shilingi 2,000. Ukimaliza hesabu hiyo, njoo kwa fundi viatu tuitazame pamoja. Yule mama wa mkaa hupita hapo kila Jumanne, yapata saa tatu asubuhi.

Mzee wenu