Judo si medali tu

Mhariri,

Judo, mchezo wa Kijapani wa kukamatana na kuangushana, ikitajwa hapa Unguja, swali huwa moja: tumeleta medali ngapi? Mimi fundi uashi, umri umekwenda, mashindano siyataki, na mazoezini nakwenda. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu. Alitaka mtu atumie nguvu zake panapofaa, tena anufaike pamoja na mwenzake, na hilo la pili ndilo zito. Tunaanza kwa kujifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga godoro. Anayekuangusha hushikilia mkono wa koti lako mpaka utue salama. Nawaomba wasimamizi wa michezo wawafungulie milango wazee na kina mama wasiotafuta ubingwa.

Fundi uashi,
Mwanakwerekwe, Unguja