Vitegemezi vikaguliwe kabla programu haijajengwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie neno watengenezaji wa programu za kompyuta, na hasa walimu wanaowafundisha, kuhusu hatua moja ya kazi yetu inayofanywa kijuujuu, nayo ni kukagua kama vitu vyote ambavyo programu inavitegemea vimo katika mashine kabla ya kuanza kuijenga kutoka kwenye msimbo wake.

Wanafunzi wengi hukwama hapa mapema. Katika Debian na Ubuntu, ambayo ni mifumo ya uendeshaji ya Linux, maktaba yenyewe (msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia) na mafaili ambayo kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu kamili, huyahitaji huja katika vifurushi viwili tofauti: kwa zlib, maktaba ya kubana data, kifurushi cha zlib1g humtosha mtu anayetumia programu iliyokwisha kujengwa, lakini anayejenga lazima awe pia na zlib1g-dev. Mwanafunzi huiona zlib ipo, huridhika, kisha ujenzi humkatikia katikati kwa ujumbe kwamba zlib.h haikuonekana.

Hata hivyo, ujenzi unaokatika una nafuu, kwa sababu angalau unasema. Unaonitia hofu ni ule unaoendelea kimya. Anayejenga Python, lugha ya kuandikia programu, katika Linux bila mafaili ya OpenSSL, maktaba ya mawasiliano salama, hazuiwi. Kazi hufika mwisho, na moduli, yaani sehemu za Python, zilizoachwa hutajwa katika mistari michache ambayo ni rahisi kuipita baada ya mamia ya mistari mingine. Python hiyo itapiga hesabu na kufungua mafaili bila kasoro yoyote, hadi siku mtu atakapoiagiza pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, ipakue kifurushi kutoka kwenye intaneti, ndipo itakapogoma kwa kuwa moduli ya ssl haimo, na huenda wakati huo aliyeisakinisha kwenye seva ya ofisi ameshahama.

Kimya hicho ni hatari kwa usalama pia. Ukaguzi wa namna hii mara nyingi hufanywa kwa kuipa kompaila programu ndogo ya majaribio: ikiikubali, kitu kinachotafutwa kinahesabiwa kipo, ikiikataa, kinahesabiwa hakipo. Mwanzoni mwa 2024, katika mradi wa XZ Utils, zana za kubana mafaili, mtu aliyekuwa ameaminiwa kuutunza alitia nukta moja, peke yake katika mstari, ndani ya jaribio la kutafuta Landlock, ambayo ni kinga iliyomo katika kerneli, yaani kiini, ya Linux. Kwa nukta hiyo jaribio lisingekubaliwa na kompaila katika mashine yoyote, na aliyejenga kwa CMake, mojawapo ya zana za kuendesha ujenzi, angepata programu isiyo na kinga hiyo bila kuona ujumbe wowote wa kosa. Nukta hiyo ilibainika baada ya mtengenezaji wa programu Andres Freund kutangaza, tarehe 29 Machi 2024, kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri wa kumwingiza mvamizi. Nukta moja tu, Mhariri, na mfumo wa ujenzi uliipokea kama habari ya kawaida kwamba kitu hakipo.

Kwa hiyo naomba tuzoee kuandika ukaguzi unaosimamisha kazi palepale kitegemezi cha lazima kinapokosekana, ukitaja jina lake, toleo linalotakiwa na kifurushi cha kusakinisha. Kitu cha hiari nacho kiachwe tu pale anayejenga anapoagiza hivyo mwenyewe. Zana tunazo: Meson, zana nyingine ya ujenzi, husimama bila kuombwa, na katika CMake inatosha kuongeza neno REQUIRED. Debian huenda mbali zaidi, kwani kila kifurushi hutangaza vitegemezi vyake vya ujenzi, kisha hujengwa katika mazingira safi yasiyo na kitu kingine ila zana za msingi za ujenzi.

Walimu wetu wanaweza kuiga utaratibu huo kesho asubuhi, kwa kusahihisha kazi ya mwanafunzi katika mashine iliyosakinishwa upya badala ya kompyuta yake mwenyewe, ambayo imekusanya maktaba za muhula mzima, na kwa kutoa alama pia kwa ujumbe ambao programu yake huutoa kitegemezi kimoja kinapoondolewa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtengenezaji wa programu,
Dodoma