Akutagawa si faili la mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu hadithi fupi za kutisha za Japani. Kwamba Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, anatusaidia kuzielewa, sina ubishi. Ninachokataa ni pale mwandishi wa makala anapomfikia mtunzi wa Kijapani Akutagawa Ryunosuke na kumfanya mgonjwa: mama yake alirukwa na akili yeye akiwa bado mchanga, naye akajiua Julai 1927 akiwa na miaka 35, basi hadithi yake ya "Haguruma" (yaani, magurudumu yenye meno) inageuzwa cheti cha daktari.

Tuisome yenyewe. Msimulizi akiwa njiani kwenda harusini anasikia habari za mzuka uliovaa koti la mvua. Kituoni anamwona mtu mwenye koti la mvua. Hotelini anakuta koti la mvua limetundikwa kwenye kochi kando yake. Kisha anapigiwa simu: shemeji yake amegongwa na treni, na alikuwa amevaa koti la mvua wakati si msimu wake. Hakuna damu inayoonyeshwa, wala hakuna anayepiga ukelele. Freud aliandika mwaka 1919 kwamba ukipewa namba 62 unapokabidhi koti lako, ukaikuta tena kwenye mlango wa chumba chako melini, utaanza kuhisi namba hiyo ina jambo nawe. Hofu ya Akutagawa imefumwa hivyo hivyo, kwa mkono wa fundi aliyejua anachofanya.

Magurudumu yenye meno yanayozunguka mbele ya macho ya msimulizi huenda yalikuwa dalili za kipandauso. Wako madaktari waliosema hivyo. Sawa. Lakini kipandauso hakielezi kwa nini tunashtuka msimulizi anapoambiwa kuwa mtu anayefanana naye kabisa, "yeye wa pili", ameonekana mjini, naye anawaza kwamba pengine kifo kitamchukua huyo badala yake.

Na Edogawa Ranpo, mtunzi mwingine wa Kijapani wa hadithi za kutisha, je? Yeye aliishi hadi 1965. Hata hivyo, mwaka 1926 aliandika kuhusu mtu aliyejifungia ndani ya tufe lililotandazwa kioo upande wote wa ndani, akatoka mwendawazimu. Hofu ni ile ile ya kukutana na nafsi yako, na hakuna anayemtafutia Ranpo ugonjwa ili kuieleza.

Nafasi ikiruhusu, chapeni tafsiri ya sura ya kwanza ya "Haguruma", wasomaji wajionee wenyewe.

Msomaji wenu,
Morogoro