Barua kutoka Marangu kuhusu upepo wa mlima

Marangu, Kilimanjaro
9 Oktoba

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wazee wetu wa Pangani. Katika barua yako uliniuliza kwa nini nimejifungia huku miezi mitatu nikifuatilia upepo wa mlima mmoja, ilhali kwenu kusi na kaskazi zinajulikana tangu enzi za mababu. Upepo ninaoufuatilia hautoki mbali kama hizo. Unazaliwa hapa hapa kwenye mteremko, na hugeuka mara mbili kwa siku.

Ukumbuke umande wenu, ule upepo wa bara unaotoa ngalawa kabla ya mapambazuko, na upepo wa bahari unaozirudisha mchana. Mlima nao una wake. Usiku ardhi ya mteremko hupoteza joto, na hewa inayoigusa hupoa ikawa nzito kuliko hewa ya kimo kilekile iliyo mbali na mlima, kwa hiyo huteremka kupitia makorongo hadi tambarare za Moshi. Jua likishachomoza, mteremko hupata joto upesi, hewa yake huwa nyepesi, nayo huanza kupanda.

Vyombo vyangu ni vipimajoto viwili, daftari, na utepe mwepesi juu ya mti mrefu, ingawa moshi wa majiko ya majirani hunifundisha zaidi. Alfajiri hulala ukielekea bondeni. Kwenye saa tatu husimama wima kwa kitambo kifupi, kisha huinama kuelekea msituni. Kitambo hicho ndicho ninachokiamkia kila siku, kwa sababu hakiji kwa saa moja kila mahali: mteremko ulio wazi hugeuza upepo wake mapema, wakati ndani ya korongo hewa baridi ingali inateremka. Wiki mbili za mwanzo niliuweka utepe karibu mno na migomba, ikaukinga, na kurasa hizo nimelazimika kuziacha kando.

Hewa inayopanda hubeba unyevu, na ikifika juu hupoa na kuwa wingu. Ndiyo maana Kibo, kilele kikuu cha mlima chenye mita 5,895, huonekana wazi alfajiri lakini mara nyingi hujifunika kabla ya adhuhuri. Mvua nyingi zaidi hunyesha upande wa kusini, katika msitu wa kimo cha mita 2,200 hivi, kisha hupungua kadiri unavyopanda, hata kileleni kukawa kukavu kama jangwa. Upande wa kaskazini hupata mvua kidogo, kwani pepo zenye unyevu wa Bahari ya Hindi hukutana kwanza na upande huu wetu. Maji ya mifereji ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, hutoka katika msitu huo, na kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuamka usiku.

Usiku wa mawingu upepo wa kuteremka hufifia, maana mawingu huizuia ardhi kupoteza joto. Nadhani umande wenu nao hulegea usiku wa namna hiyo, ila siwezi kulisema bila vipimo. Nakuomba, kwa mwezi mmoja, uandike saa ambayo umande unakatika na kama usiku uliotangulia mbingu zilikuwa wazi. Nitaweka safu yako kando ya yangu, siku kwa siku.

Wako,
Elibariki