Mashahidi wawili: barua kwa binti yangu anayekwenda Barkley Sound

Mwanangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya na masomo yanakwenda vizuri. Sisi huku Nanaimo hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na anasema lile koti lake la mvua la njano ni lako sasa, usilirudishe.

Ameniambia kwamba mwezi wa nane wewe na wenzako mnakwenda na kayaki visiwa vya Broken Group, ndani ya ghuba ile ya Barkley Sound, pwani ya magharibi ya Kanada, na safari hii mtakuwa peke yenu. Siandiki kukuzuia. Umekua, unalijua kafi, na kama ningetaka ubaki nchi kavu nisingekuzoeza maji tangu utotoni. Naandika kwa sababu mmechagua Agosti, na Agosti pande zile ni mwezi wa ukungu. Mpaka leo kila ulipokutana na ukungu mimi nilikuwa mbele yako. Sasa wa mbele ni wewe.

Kwanza ujue ukungu huo unatoka wapi. Kiangazi, upepo wa kaskazini-magharibi huvuma kando ya pwani ya Vancouver Island na kuyasukuma maji ya juu kwenda nje. Maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yao. Pwani ya Somalia hupatwa na jambo hilo hilo wakati wa kusi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya baridi ile hupoa, na unyevu wake ukawa ukungu. Kwa hiyo usidhani utabiri wa jua unakuhakikishia kuona mbele. Ukungu wa kule huja pamoja na hali nzuri ya hewa.

Mara nyingi asubuhi bahari imetulia, lakini humuoni mwenzako aliye mita 50. Alasiri bara limepata joto, ukungu umepanda, unaona vizuri, ila upepo nao umekaza na mawimbi yameanza kuvunjika meupe. Watu wengi huchagua asubuhi kwa sababu maji yamelala. Mimi ningengoja saa nne, saa tano hivi, pale ukungu unapoanza kuachia na upepo haujapata nguvu. Nafasi hiyo ikiwapita, siku hiyo si ya kuvuka. Funga turubai, pikeni chai ya tangawizi, laleni. Kawia ufike, hivyo ndivyo babu yako alivyotulea kule Pate, na alikuwa mtu wa kuingia baharini karibu kila siku ya Mungu.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kadhi hahukumu kwa shahidi mmoja, nawe ndani ya ukungu usiamue lolote kwa shahidi mmoja. Dira ni shahidi. Saa ya mkononi ni shahidi. Wimbi linalokuja ubavuni ni shahidi, na sauti ya maji yakipiga mwamba ni shahidi. Wawili wakikubaliana, endelea. Wakipingana, simamisha wote, sogezeni kayaki pamoja, mshikane, mfikiri. Moyo wako usiuhesabu kabisa. Ndani ya ukungu moyo husema "kisiwa kiko pale" kwa sababu tu unatamani kiwe pale.

Kuna meli iliyozama upande wa kusini-mashariki wa Barkley Sound, karibu na Pachena Point, na nataka uijue habari yake. Jina lake Valencia, meli ya abiria iliyotoka San Francisco ikienda Victoria na Seattle. Januari 1906 hali ya hewa ilikuwa mbaya, pwani haionekani, nyota hazionekani, na nahodha alikuwa akikadiria umbali aliokwenda. Kwa hesabu yake alikuwa bado hajafikia mlango wa bahari wa Juan de Fuca, alipotakiwa kuingia. Kumbe ameshaupita. Usiku wa tarehe 22 meli ikapanda mwamba, karibu kabisa na nchi kavu, na bado zaidi ya watu 100 walikufa. Wanawake wote na watoto wote waliokuwamo walikufa. Walionusurika walikuwa wanaume 37. Mnara wa taa wa Pachena Point ulijengwa baada ya msiba huo, na njia iliyotengenezwa kuwasaidia waliovunjikiwa na meli ndiyo leo inayoitwa West Coast Trail, ile unayotamani kuitembea. Yule alikuwa nahodha wa kazi, mwenye vyombo na mabaharia. Sisi tuna kafi na dira.

Kwa hiyo hesabu zako zifanye ufukweni, ukiwa umekaa, vidole vina joto. Kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani kule zinatofautiana kama digrii 16 upande wa mashariki. Ukipima mwelekeo kwenye ramani, toa 16 kabla ya kuufuata kwenye dira. Nyumbani Lamu tofauti hiyo ni ndogo mno hata mtu anaweza kuisahau, lakini Barkley ukiisahau, kila kilomita moja itakutupa kando karibu mita 280. Kisiwa kizima kinaweza kukupita hapo.

Kundi lenu likienda mwendo wa kawaida, maili 3 za bahari kwa saa, kilomita 2 mtazimaliza kwa dakika 20 na kitu. Mkondo wa ubavuni wa nusu maili tu kwa saa, ambao hata hutauhisi, kwa muda huo utakuwa umewasukuma mita 300. Ndiyo maana usilenge katikati ya kisiwa. Lenga upande mmoja kwa makusudi, ule mkondo unakotoka, ili ukiona mwamba ujue bila kubahatisha kwamba kambi iko kushoto au kulia. Andika mwelekeo na dakika kwa penseli isiyofutika na maji, bandika mbele yako. Dakika zikiisha na hakuna kisiwa, msiendelee "kidogo tu". Huyo shahidi ameshasema.

Babu yako hakuwa na ramani. Mvua ya masika ikimfungia, asione hata ncha ya omo, mbele ya chombo chake, alishika njia kwa wimbi. Mawimbi marefu ya bahari kuu hayageuki upesi kama upepo, na mtu akishajua yanampiga wapi kwenye chombo anaweza kwenda nayo muda mrefu. Nami nimeyatumia hayo hayo Coaster Channel, ambako bahari kuu inaingia bila kizuizi. Kabla hamjaondoka, tazama wimbi linatoka wapi, kisha likae ubavu ule ule mpaka mfike. Ila ukiingia katikati ya visiwa wimbi hufa au hupinda, na hapo shahidi huyo humtumii tena.

Kofia ya koti ivue unaposikiliza. Mvua ikipiga juu ya kofia husikii kitu kingine, na kusikia ndiko kunakuokoa na miamba. Ipo iliyo chini kidogo tu ya maji. Dakika kadhaa unaona maji tulivu, kisha linakuja wimbi moja kubwa kuliko wenzake na mahali pote panapasuka povu. Ukisikia mshindo, usisogee kuona ni nini. Simama, subiri mshindo wa pili na wa tatu, ujue uko wapi, ndipo uzunguke mbali. Simba wa bahari nao wana makelele, na harufu yao hufika kabla yao. Wako wengi Wouwer Island, na safari moja harufu yao ilikubaliana na dira yangu, nikashukuru Mungu.

Boti za uvuvi zinatoka Ucluelet na Bamfield alfajiri, kuwe na ukungu au kusiwe. Kayaki iko chini mno, rada haiioni vizuri. Chombo cha injini kinachokwenda ndani ya ukungu hupiga honi moja ndefu kila dakika 2 au chini ya hapo, nanyi mnawajibika kutoa sauti pia, kwa hiyo kila mmoja awe na filimbi shingoni, si mfukoni. Kabla ya kuvuka mlango wa wazi, yaani maji kati ya visiwa yasiyokingwa na bahari kuu, tangaza kwenye redio ya baharini ya VHF chaneli 16: mko wangapi, mnatoka wapi, mnakwenda wapi. Mvuke kwa pamoja, kila mmoja aweze kumgusa mwenzake kwa kafi, kwa mwendo wa aliye mnyonge. Simu yenye ramani ichukueni, nami nimeifurahia mara nyingi, lakini matone ya mvua huibofya yenyewe na vidole vya baridi haviitawali. Nayo ni shahidi mmoja tu.

Maji ni baridi, mwanangu. Haya si maji ya Shela. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefundisha hesabu rahisi ya maji baridi: dakika 1 ya kuidhibiti pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla ya kuzimia. Kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa, na suti isiyopitisha maji ivaliwe hata kama jua limetoka na wenzako wanalalamika joto. Mfanye mazoezi ya kurudi ndani ya kayaki kabla ya safari, kwenye maji hayo hayo, mpaka kila mmoja aweze. Asiyeweza, msiende naye milango ya wazi. Hili ni la kusema kwa upole, lakini liseme.

Mkifika Benson Island, shukeni kwa adabu. Kwa Watseshaht, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, hapo ndipo Ts'ishaa, mahali walipoumbwa, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta makazi ya zaidi ya miaka 5,000. Hao walipita maji haya kwa mitumbwi ya mierezi wakiwinda nyangumi, katika ukungu huu huu.

Jambo la mwisho. Niandikie kwenye karatasi kambi ya kila usiku, rangi za kayaki, majina ya wenzako na simu za wazazi wao, na saa ambayo nikiwa sijakusikia nitawapigia Walinzi wa Pwani. Nitawapigia kweli, sitajipa moyo. Kwa hiyo saa hiyo usiiweke siku ile ile mnayotarajia kurudi Secret Beach. Iweke kesho yake jioni. Nataka uwe na siku nzima ya kukaa kisiwani ukiangalia ukungu, ukijua kwamba baba yako naye amekaa ametulia, wala hakuna anayekuharakisha.

Ni mimi babako akupendaye.