Lenzi pana haififishi nyuma? Hebu sogea kwanza

Msimu wa harusi ukifika malalamiko ni yale yale, mtu kakodi dukani kwetu lenzi pana, ile inayoona eneo kubwa, 24mm ya f/1.4 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu kubwa), kaingia nayo Mji Mkongwe, karudi kanuna: "Mbona hii lenzi nyuma haififii, kila kitu kinaonekana?" Lenzi nzima jamani. Tukizifungua picha zake tunakuta bi harusi kasimama mita tatu nne huko, mwili mzima ndani ya fremu, na mgongo kauegemeza mlangoni. Hapo hata ufungue tundu mpaka mwisho haisaidii kitu.

Tizama hesabu yenyewe. Kwenye kamera ya fulfremu (sensa yake kubwa, sawa na filamu ya 35mm), 24mm kwa f/1.4, mtu akiwa mita 3 eneo linalotoka kali ni kama mita 1.4 ukijumlisha mbele na nyuma. Msogelee mpaka mita 1, linabaki sentimita 15 hivi. Nusu mita, hata sentimita 4 hazifiki. Hujagusa chochote kwenye kamera, umetembea tu.

Na huyo mtu umtoe mlangoni, aje mbele mita tano sita, ile misumari ya shaba igeuke madoa ya mwanga lakini mtu akiiona picha bado anajua huu mlango wa Unguja. Sisi ndo tunapoipendea lenzi pana, mana 85mm, lenzi nyembamba inayovuta karibu, kwenye vichochoro vyetu urudi nyuma uende wapi, kisogo kishagonga ukuta wa watu, na hata ukipata nafasi inakuyeyushia kila kitu mpaka hujulikani ulikuwa Shangani au ukumbini.

Ila usimvamie usoni, sentimita 40 pua inatangulia na bi harusi hatokusamehe, wala usimweke pembeni ya fremu, kichwa kinavutika. Bora anyooshe mkono kwenye kamera, fokasi uitie kwenye maua ya piko, vidole vikali kabisa, uso kule nyuma unalainika na tabasamu bado linasomeka. Picha hii tunaipiga kila harusi na hatujaichoka.

Mnaopiga ufukweni, Paje na Nungwi, shida yenu nyengine, jua. Saa sita mchana kwa f/1.4 na ISO 100 (kiasi sensa inavyohisi mwanga) kamera inataka shata, yaani muda wa kupitisha mwanga, ya sekunde 1/12800 na nyingi zinaishia 1/8000 au 1/4000, basi mtu anafunga tundu mpaka f/8, nyuma inatoka kali, lawama kwa lenzi. Chukueni filta ya ND8, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga mara nane, inashusha shata mpaka 1/1600 hivi na f/1.4 yako iko pale pale.

Anayetaka mwili mzima na nyuma iyeyuke kabisa, huyo tunampa 85 ya f/1.8 aende nayo ufukweni kwenye nafasi. Wengine njooni dukani na kamera zenu mjaribu hapo mlangoni kabla ya kukodi, kujaribu bure.