Barua kwa mwanangu aliyeambiwa ni mfupi

Mwanangu mpenzi,

Huku Tanga hatujambo sote. Bibi yako anakusalimu sana, na mguu wake umepata nafuu.

Tangu uliponipigia Jumapili kwa simu ya matroni, sauti yako haijanitoka masikioni. Ulisema mwalimu aliwapanga mstari, akawatazama vimo, akakutoa kwenye timu ya mpira wa meza hata raketi hujaigusa. Ukaniuliza, "Mama, nitarefuka lini?" Simu ilipokatika nilikaa mbele ya cherehani, sikushona kitu mpaka adhana ya magharibi.

Usiku ule nikamtafuta kwenye simu yule dada wa Kichina wa mpira wa meza niliyewahi kukutajia, Deng Yaping. Nimekesha na mechi zake siku tatu. Habari zake ni ndefu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Alizaliwa mwaka 1973 huko Zhengzhou, mkoa wa Henan. Baba yake alikuwa mtu wa mchezo huohuo, akamshikisha raketi akiwa na miaka mitano. Alipopelekwa timu ya mkoa wakamkataa, na sababu ni ileile uliyopewa wewe: mfupi mno. Na kweli, hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu tu. Meza ya mchezo ina kimo cha sentimita 76. Piga hesabu, mama. Ilimfika nusu ya mwili wake.

Akachezea timu ya jiji lao. Akiwa na miaka 13 akawa bingwa wa taifa, na bado wakubwa wa timu ya taifa walisita kumchukua kwa sababu ya kimo kilekile. Aliingia mwaka 1988. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Qiao Hong wakatwaa ubingwa wa dunia wa wawili wawili huko Dortmund. Alikuwa na miaka 16, miwili tu zaidi yako.

Lakini vikombe nimeviacha kando, nimetazama anavyosimama. Wachezaji warefu hurudi nyuma wapate nafasi ya kuzungusha mkono. Yeye habanduki mezani. Mpira ukidunda tu, kabla haujapanda, ameshaurudisha, na mpinzani wake bado anajipanga. Mkono wake mfupi unakwenda kidogo na kurudi upesi, tayari kwa pigo lingine. Na upande mmoja wa raketi yake una raba yenye vinundu, kwa hiyo mpira unarudi na mzunguko ambao mtu hakuutarajia. Nilirudisha picha nyuma mara nyingi nione miguu yake. Haitulii hata nukta moja.

Mimi ni fundi, mwanangu. Kila siku nazungusha futikamba viunoni na mabegani mwa watu. Inanionyesha gauni litakula mita ngapi za kitambaa. Haijawahi kunionyesha mvaaji atafanya nini akishalivaa. Huyo mwalimu alikupima kama anayekata kitambaa, na limenikera, nakuambia wazi.

Sitaki udhani Deng alikuwa akishinda tu. Mwaka 1991, kwenye mashindano ya dunia huko Chiba, Japani, Korea mbili ziliungana zikaleta timu moja. China ilikuwa imetwaa kombe la timu za wanawake mara nane mfululizo. Fainali ikaanza kwa Deng kufungwa na Yu Sun-bok, na kombe likaenda kwa Wakorea. Mashindano yaleyale, siku chache baadaye, akarudi kwenye meza za mchezaji mmoja mmoja, akafika fainali, akamkuta Mkorea mwingine, Li Bun-hui. Akamshinda. Ndio ukawa ubingwa wake wa kwanza wa dunia akiwa peke yake. Akautwaa tena 1995 na 1997.

Mechi niliyoiangalia mpaka chaji ikaisha ni fainali ya Olimpiki ya Atlanta, 1996. Barcelona 1992 alishachukua dhahabu mbili, na Atlanta alishaipata ya wawili wawili. Aliyesimama mbele yake ni Chen Jing, aliyewahi kushinda dhahabu ya Seoul akiichezea China, na sasa alikuwa upande wa Taipei, yaani Taiwan. Siku hizo seti ilikuwa ya pointi 21. Deng akachukua mbili za mwanzo, 21-14 na 21-17. Ya tatu ikamponyoka 20-22. Ya nne akafungwa 17-21. Mimi mwenyewe, nikijua mwisho wake, nilishika kitanda kwa mikono miwili. Seti ya tano akashinda 21-5. Tano, mwanangu! Mtu aliyetoka kupoteza seti mbili.

Alistaafu akiwa na miaka 24, akaingia Chuo Kikuu cha Tsinghua. Somo la Kiingereza alilianza karibu na sifuri, hata herufi 26 hakuweza kuziandika sawasawa, akichanganya kubwa na ndogo. Mwaka 2008 akapata udaktari wake Cambridge. Hili nakuandikia kwa sababu ya ile ripoti ya muhula uliopita, wewe mwenyewe unajua somo gani.

Nimemwandikia mwalimu wako barua, kwa adabu, nikimwomba akupe nusu saa mezani na yeyote aliyemchagua, halafu aamue. Akikataa, basi.

Kwenye kifurushi kuna sabuni, mafuta, na mfuko wa raketi niliokushonea kwa kitenge kilichobaki cha bibi. Ukifunga shule, ile meza ya kukatia nitaitoa vitambaa kila jioni, na roli za uzi nitazipanga katikati ziwe wavu kama zamani. Ila safari hii mpinzani wako ni mimi, na nimeshaanza kujizoeza kusimama karibu.

Mama yako